Nusu Maili

Ukiutazama Mlima Kilimanjaro kutoka angani, siku ambayo mawingu yamekubali kufunguka, utauona mkanda wa kijani umeufunga mlima kiunoni, upande wa kusini na mashariki, kuanzia Machame kupita Kibosho na Marangu hadi Rombo. Kwa macho tu si rahisi kusema msitu unaishia wapi na watu wanaanzia wapi. Mabati yanametameta hapa na pale katikati ya majani, na hayo ndiyo yanayokujulisha kwamba chini ya miti ile wamo watu, tena wamebanana kuliko sehemu nyingi za vijijini Tanzania.

Kumbe ni misitu miwili. Wa juu ni msitu wa asili, ambao leo ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro. Una askari, una mipaka iliyopimwa, una faini. Wa chini ni wa watu. Hauna askari, na umegawanyika vipande maelfu kwa maelfu, kila kipande kikiitwa kihamba. Kati ya misitu hiyo miwili palikuwa na ukanda mwembamba wenye upana wa nusu maili, takribani mita 800, ambao wenyeji wanauita hivyo hivyo mpaka leo, Nusu Maili, ingawa nchi iliacha zamani kupima kwa maili. Habari ninayotaka kuisimulia ni ya ukanda huo. Lakini haiwezi kueleweka kabla ya kuingia kihambani.

Kihamba kimejengwa kama nyumba ya ghorofa. Juu kabisa kuna miti mirefu: mringaringa, mfuruanje, msesewe, na mgrivea ulioletwa kutoka Australia enzi za ukoloni ukajifanya mwenyeji. Chini yake kuna migomba. Chini ya migomba kuna mibuni, na chini ya mibuni kuna magimbi, maharage, mnafu na majani ambayo mgeni ataona ni magugu, kumbe moja ni dawa ya tumbo na jingine ni chakula cha mbuzi. Viazi vikuu vinapanda juu ya miti. Pembeni ya nyumba kuna zizi, na ng'ombe hatoki. Analetewa majani alipo, na samadi yake inarudi kwenye mashina ya migomba. Mpaka wa kihamba na cha jirani ni mstari wa masale, mmea wa majani marefu ambao Mchagga huutumia pia kuombea msamaha: ukipelekewa jani la sale na mtu aliyekukosea, kumkatalia ni jambo zito.

Hakuna kitu katika orodha hiyo kinachofanya kazi moja. Mgomba ni mtori, ni mbege, ni lishe ya ng'ombe, ni majani ya kuezekea na kufungia mizigo. Msesewe unatoa kivuli, na magome yake ndiyo yanayoipa mbege uchungu wake. Hata migomba yenyewe si mmoja: mshare ni wa kupika, kisukari ni wa kula kama tunda, kitarasa ina watu wake wanaoijua. Mwaka 1984 watafiti watatu, E.C.M. Fernandes, A. Oktingati na J. Maghembe, walichapisha makala ya kitaalamu kuhusu bustani hizi na kukuta kwamba ukubwa wa wastani ulikuwa hekta 0.68. Eneo hilo, ambalo halifikii uwanja mmoja wa mpira, lilikuwa linalisha familia nzima, mifugo yake, na wanafunzi wake walioko bweni.

Miaka sita kabla ya makala hiyo, mwaka 1978, Waaustralia wawili, Bill Mollison na David Holmgren, walikuwa wametoa kitabu kilicholitangaza duniani neno ambalo vijana wengi wa siku hizi wanalijua: pemakalcha. Wazo lenyewe ni kwamba shamba liige msitu, liwe na tabaka, lisitupe kitu, lidumu bila kulimwa upya kila msimu. Leo neno hilo lina kozi, vyeti na mafunzo ya wiki mbili. Sina ugomvi nalo. Linaeleza vizuri. Lakini linakuja limevaa heshima ambayo kitu chenyewe hakikupewa kilipokuwa kinaitwa tu kihamba, wakati mabwana shamba wa serikali mbalimbali, wakoloni na wetu, walipokuwa wakihimiza mistari iliyonyooka na zao moja moja kwa sababu ndivyo shamba la kisasa lilivyotakiwa kuonekana.

Vihamba havikupandwa kwenye ardhi tupu. Mteremko wote huo ulikuwa msitu. Kwa karne kadhaa watu waliuingia kidogo kidogo, na badala ya kuufyeka wote waliuchambua: mti wenye faida ukaachwa, usio na faida ukaondolewa, nafasi ikajazwa mgomba. Mtaalamu wa mimea Andreas Hemp, ambaye ameutembea mlima huu kwa miongo, alipohesabu mimea ya vihambani alipata aina zaidi ya 500, na zilizo nyingi kati ya hizo hazikupandwa na mtu. Ni mabaki ya msitu wa zamani, yaliyoendelea kuishi chini ya migomba kama wapangaji ambao mwenye nyumba mpya aliwakuta, na hakuona sababu ya kuwatoa.

Mti, katika utaratibu huo, haukuwa kitu cha kukata kama unavyokata nyasi. Charles Dundas, ofisa wa Kiingereza aliyeiongoza wilaya ya Moshi baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, aliandika katika kitabu chake cha 1924 jinsi mti wa kuchongea mizinga ya nyuki ulivyoangushwa. Mti ulioota kwenye ardhi ya mtu ulihesabiwa kuwa dada yake. Kuukata kulikuwa kumwoza. Mwenye ardhi aliuletea maziwa, pombe na asali, akauaga kwa maneno ya kumwaga binti anayekwenda kwa mumewe. Siku ya kukata hakuwepo. Aliondoka nyumbani makusudi, na aliporudi akaukuta umelala, alilalamika kwamba amenyang'anywa dada, na waliokata wakawa na kazi ya kumbembeleza. Ni maigizo, naam, na kila mmoja alijua ni maigizo. Lakini mtu anayelazimika kuigiza msiba kila anapotaka mzinga hataangusha miti kumi kwa asubuhi moja.

Maji nayo yalikuwa na sheria zake. Kutoka kwenye makorongo, karibu na msitu au ndani yake, watu walichimba mifereji inayoitwa mifongo, ikateleza kwenye kingo za milima kwa kilomita nyingi hadi vihambani na kwenye mashamba ya ulezi huko chini. Mzungu Harry Johnston, aliyekaa mlimani miezi kadhaa mwaka 1884, alistaajabu alivyoiona. Mfongo ulikuwa na ukoo wake, mkuu wake, zamu zake za maji na siku zake za kusafisha. Asiyefika kusafisha alitozwa, na anayeiba maji usiku alijulikana asubuhi. Kila mfongo ulihitaji kwamba msitu wa juu ubaki msitu. Nalitaja jambo hili kwa sababu tumezoea picha ya theluji, na watu wengi wanaamini ndiyo inayonywesha Moshi. Sivyo. Sehemu kubwa kabisa ya maji ya Kilimanjaro hutoka kwenye ukanda wa msitu, unaopokea mvua na kuchuja ukungu. Barafu ikiisha tutapoteza mandhari na wimbo wa shule. Msitu ukiisha tutapoteza mabomba.

Kisha ikaja kahawa. Mapadre wa Roho Mtakatifu waliipanda Kilema katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, na baada ya vita Dundas akawahimiza Wachagga wailime wenyewe, jambo lililowaudhi walowezi waliotaka wabaki vibarua. Nchini Kenya wakati huo Mwafrika alizuiwa karibu kabisa kulima kahawa ya arabika. Kilimanjaro walikataa kuzuiwa. Mwaka 1925 wakaunda chama chao cha wakulima, KNPA, Joseph Merinyo akiwa kiongozi wake, na mwaka 1933 kikazaliwa chama kikuu cha ushirika, KNCU. Historia hiyo ya siasa imeandikwa sana. Kinachonivutia mimi ni kwamba mbuni ni mmea unaostahimili kivuli. Uliingia kihambani kwa adabu, ukakaa chini ya mgomba, na haukumfukuza mtu. Pamba ilipoingia Usukuma ilitaka jua na uwanja. Kahawa iliingia Uchaggani ikaomba mwavuli. Mzee mwenye mibuni alikuwa na sababu ya shilingi na senti ya kuutunza mringaringa wake. Kwa miaka hamsini hivi bei ya kahawa ikawa mlinzi wa miti, bila mtu yeyote kuipanga iwe hivyo.

Sasa tupande juu, hadi mahali vihamba vinapokoma.

Wajerumani ndio waliopiga mstari wa kwanza. Kabla ya vita walikuwa wameutangaza msitu wa Kilimanjaro kuwa wa serikali, na Waingereza wakauthibitisha kuwa msitu wa hifadhi mwaka 1921. Kwa mtu wa Old Moshi au Mwika, hii ilikuwa habari ya ajabu: kuni, mbao za nyumba, majani ya ng'ombe, asali, dawa na chanzo cha mfongo wake, vyote sasa vilikuwa upande wa pili wa mstari. Idadi ya watu iliongezeka, ng'ombe waliongezeka, na mstari ukawa unavukwa kila siku, mchana na wanawake wenye mizigo ya kuni, usiku na wanaume wenye misumeno.

Mwaka 1941 serikali ya kikoloni ikafanya jambo la busara isiyo ya kawaida kwake. Pembezoni mwa msitu wa hifadhi, upande unaopakana na vihamba, ikamega ukanda wa nusu maili na kuutenga kwa mahitaji ya wanavijiji, kisha ikauweka chini ya Baraza la Wachagga. Baraza likapanda miti inayokua haraka, likaweka walinzi wake, likatoza ada ndogo kwa mbao na kuni. Mapato yalibaki mlimani. Mwanamke aliyetaka majani alijua wapi pa kukata na nani wa kumwomba. Aliyekata mti bila kibali alikabiliana na mangi, yaani na mtu anayemfahamu baba yake.

Nusu Maili haikuwa pepo. Mangi naye alikuwa na ndugu na marafiki, na kibali kilichokataliwa kwa maskini kiliweza kupatikana kwa mwenye ng'ombe wengi. Lakini wanahistoria wa misitu walioufuatilia ukanda huo wanakubaliana kwamba miaka ishirini ya mwanzo ilikuwa mizuri kuliko yote iliyofuata: miti ilipandwa kuliko ilivyokatwa, na msitu wa asili nyuma yake ulipumua. Sababu haikuwa kwamba watu wa zamani walikuwa na maadili kutuzidi. Ni kwamba aliyelinda, aliyefaidi na aliyeadhibiwa walikuwa watu wa kijiji kimoja, na kosa halikuwa na njia ndefu ya kupotelea.

Uhuru ulipokuja ukanda ukaanza safari za mtoto yatima anayezungushwa kwa mashangazi. Mwaka 1962 ulipelekwa kwa halmashauri ya wilaya. Mwaka uliofuata utawala wa machifu ulifutwa kisheria nchi nzima, na pamoja na mangi ikaondoka ile mahakama ndogo ya kibarazani. Mwaka 1972 ilipokuja sera ya madaraka mikoani halmashauri nazo zikafutwa, na Nusu Maili ikaenda serikali kuu. Mwaka 1976 vyama vya ushirika vikavunjwa, KNCU kikiwemo. Halmashauri zikarudi 1984, ukanda ukazunguka tena, na kabla miaka hiyo ya 1980 haijaisha ulikuwa umeangukia mikononi mwa idara ya misitu. Katika kila uhamisho kulikuwa na sababu nzuri kwenye karatasi. Na katika kila uhamisho kuna mtu aliyekuja na msumeno katika ile miezi ambayo bwana wa zamani ameshaondoka na mpya hajafika.

Kilichokatwa zaidi ni mkulo, mti wa mbao ngumu yenye harufu, ambao fundi seremala yeyote wa Moshi atakusifia. Serikali ilipiga marufuku uvunaji wa miti ya asili msituni mwaka 1984. Mwaka 2001 watafiti wakaruka na ndege ndogo juu ya mlima kuhesabu uharibifu, na ripoti iliyotolewa mwaka uliofuata ilionyesha maelfu ya miti ya asili imeangushwa licha ya marufuku, matanuru ya mkaa, mashamba ndani ya hifadhi, na Nusu Maili yenyewe imechakaa vibaya. Ripoti ile ilikuwa na ramani zenye nukta nyekundu. Ni vigumu kuitazama ramani ya namna hiyo na kusema tuendelee hivi hivi.

Hapo ndipo hifadhi ya taifa iliposhuka. Ilikuwa imetangazwa mwaka 1973 na kufunguliwa 1977, lakini mpaka wake ulikuwa juu, mahali msitu unapoanza kwisha na kuwaachia nafasi majani na mawe. Wanavijiji waliisikia kama habari ya watalii. Mwaka 2005 mpaka ukapanuliwa ukaumeza msitu wote wa hifadhi, na Nusu Maili ikiwa ndani. Sheria ya hifadhi za taifa Tanzania ni kali kuliko ya misitu. Haitambui kuni wala haitambui majani. Ukanda uliomegwa kwa ajili ya wanavijiji ukawa mahali ambapo mwanakijiji akionekana na mundu ni mhalifu.

Nataka kuwa mwadilifu hapa. Uvunaji wa wazi wa mkulo ulipungua, na anayeupenda mlima hawezi kusikitika kwa hilo. Mwaka 2016 Hemp na wenzake walitangaza kwamba katika korongo moja la Kilimanjaro wamepima mti wa ukoo wa mkangazi wenye urefu wa mita 81.5, mrefu kuliko mti wowote wa asili uliowahi kupimwa Afrika, na walikadiria umri wake unaweza kufika miaka 600. Mti huo ulisalimika kwa sababu korongo ni refu na kuta zake zimesimama, hapafikiki kwa urahisi na msumeno. Mahali ambapo hakuna korongo, askari ndiye korongo. Naielewa hoja hiyo.

Lakini fuata mzigo wa majani uone unakwenda wapi. Tangu enzi za Baraza, majani ya Nusu Maili yalishuka kichwani mwa mwanamke hadi zizini. Ng'ombe aliyala, akatoa maziwa ambayo ni mali ya mama wa nyumba, na samadi ambayo ni mali ya mgomba. Mgomba uliolishwa ukabeba mkungu mkubwa, na kivuli chake kikautunza mbuni. Kuni za ukandani zilikoka moto, kwa hiyo mringaringa wa kihambani haukuhitaji kukatwa. Huo ulikuwa mkataba usioandikwa kati ya misitu miwili: wa juu unalisha, wa chini unazuia watu wasipande juu zaidi. Ulipofungwa mlango wa katikati, mahitaji hayakuisha. Yalihama. Kuni zikaanza kutafutwa kihambani, na majani yakaanza kutafutwa popote. Kwa miaka mingi sasa viongozi wa vijiji vinavyouzunguka mlima wamekuwa wakiiomba serikali iwarudishie Nusu Maili, na kila uchaguzi ukikaribia jambo hilo hupata wasemaji wapya. Waliokuwa wakishuka na mzigo, ambao karibu wote ni wanawake, husikika kidogo kuliko wanasiasa wao.

Na mlango huo ulifungwa wakati mbaya. Kihamba chenyewe kilikuwa tayari kinaumwa, na ugonjwa wake si wa mimea. Ni wa urithi.

Kwa desturi, mwana wa kwanza hupewa sehemu, na wa mwisho hubaki na nyumba ya baba na kihamba chake. Wa katikati walitakiwa kufungua ardhi mpya, na wakati ardhi mpya ilipokuwapo, waliifungua. Sensa ya 1967 ilihesabu watu zaidi ya 650,000 katika mkoa wa Kilimanjaro, Upare ukiwemo. Ya 2022 ilihesabu zaidi ya 1,860,000. Mlima haukuongezeka hata hatua moja. Wa katikati wakashuka tambarare, wakaenda Arusha, Dar es Salaam, Mwanza, wakafungua maduka, na utani wote tunaoujua kuhusu Mchagga na biashara ulianzia hapo, kwenye hesabu ya watoto wa kiume na ekari moja na nusu. Mabinti hawakuwa hata kwenye hesabu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanamke haki sawa ya kumiliki, ila kikao cha ukoo hakianzi kwa kusoma sheria.

Waliobaki waligawana. Hekta 0.68 ikikatwa mara mbili, kisha kila nusu mara tatu, unapata kiwanja. Juu ya hilo bei ya kahawa ikaporomoka, baada ya mkataba wa kimataifa uliokuwa ukigawa mauzo ya kahawa kuvunjika mwaka 1989. Mlinzi asiyepangwa akaacha kazi. Mbuni usiolipa ada ya shule ukang'olewa, na ulipoondoka mbuni, mringaringa uliokuwa mwavuli ukabaki hauna wa kumfunika. Mti wa aina hiyo una jina jipya: mbao. Ukienda leo kwenye baadhi ya vijiji vya chini utakuta mahindi na nyanya katika jua kali mahali ambapo babu alikuwa na ghorofa nne, na mifongo mingi imekauka au imegeuzwa njia ya kutupa taka.

Halafu kuna Desemba. Kila mwaka, kuanzia katikati ya mwezi, magari yanaelekea kaskazini, nauli za mabasi zinapanda, na mlima unajaa wenyewe. Ni desturi nzuri, na sioni kabila jingine nchini linaloitunza kwa ukaidi huo. Ila angalia kinachojengwa. Wa katikati aliyefanikiwa anajenga nyumba ya kupokelea Krismasi, na nyumba inataka uwanja wa magari, na uwanja unataka vitofali vya saruji. Migomba inaondoka. Mti mkubwa unaondoka kwa sababu utaangukia bati. Masale yanabadilishwa na ukuta wenye vipande vya chupa juu. Kwa wiki mbili pana taa na nyama choma. Kwa wiki hamsini pana mlinzi na mbwa. Makaburi ya wazee, ambayo kwa desturi yako hapo hapo kihambani, yamewekewa vigae na yanapendeza sana.

Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliingiza vihamba vya Shimbwe Juu, wilaya ya Moshi, katika orodha yake ya urithi wa kilimo duniani. Mradi uliofuatana na heshima hiyo ulijaribu kufufua mifongo, kutafutia kahawa ya kilimo hai soko bora, na kuongeza vanila, zao ambalo, kama mbuni zamani, linataka kivuli na linapanda juu ya mti. Hilo la vanila nalipenda. Linaonyesha kwamba kuna mtu aliyesoma historia ya kahawa akauliza ni zao gani jingine litakalomlipa mkulima kwa kuuacha mti umesimama. Lakini Shimbwe Juu ni kijiji kimoja, na mlima una vijiji vingi.

Ramani za uhifadhi zinaupaka msitu wa juu rangi ya kijani na vihamba rangi ya makazi. Kwa hiyo mkulo mmoja ukikatwa juu, kuna kesi. Mringaringa elfu moja ikikatwa chini katika mwaka mmoja, kila mmoja kwa uamuzi wa mrithi wake, hapatatokea ripoti yenye nukta nyekundu, kwa kuwa mti wa kihambani unahesabiwa kuwa shauri la nyumbani. Lakini ndege wale wale wanakaa katika yote miwili, na ukungu ule ule unanaswa na yote miwili.

Wanaodai Nusu Maili irudi wanaidai kwa jina la zamani, ila hawawezi kuirudisha ile ya 1941, kwa kuwa Baraza halipo, mangi hayupo, na wenye vihamba nusu yao wako Dar es Salaam. Itakayorudi, kama itarudi, itahitaji mwenyewe mpya: kamati ya kijiji yenye wanawake wanaokata majani na si wenyeviti tu, yenye mamlaka ya kutoza na ya kumkatalia mtu wa nyumbani. Sheria ya Misitu ya 2002 inazipa jamii nafasi ya kusimamia misitu pamoja na serikali, na kusini mwa Tanzania kuna vijiji vinavyofanya hivyo na kuuza mbao zao kihalali. Sheria ya hifadhi za taifa haina kifungu cha namna hiyo.

Kwa sasa majani yanapanda mlima badala ya kushuka. Ni mabua ya mahindi kutoka tambarare, yamefungwa mafungu, yananunuliwa kwa fedha taslimu na kupandishwa kwa pikipiki na malori madogo. Mwenye ng'ombe wawili anapiga hesabu ya mabua, anabaki na mmoja. Mgomba wake unapata nusu ya samadi.